Sindano Yangu na ya Mama Mkwe

Mgongo wangu ulianza kunisumbua siku niliyopiga chafya nikiwa mlangoni kwa kinyozi, pale Katoro. Chafya moja tu. Kitu kikanikaba kiunoni, kulia na kushoto, nikabaki nimeshikilia fremu ya mlango kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Kinyozi akaniuliza kama naingia au natoka. Nikamwambia aniache kwanza nisimame.

Nasema ulianza siku ile, lakini mgongo wangu ulikuwa na mengi ya kukumbuka. Ujana wangu niliumalizia Mwakitolyo, kwenye maduara, yaani yale mashimo tunayochimbia dhahabu. Tulikuwa tunashuka kwa kamba, tunagonga mwamba tumelala ubavu, halafu tunabeba viroba vya mawe mgongoni hadi pale winchi inapoweza kuvichukua. Wakati ule hakuna kilichokuwa kinauma. Tulitoka chini tukala ugali, tukataniana, tukarudi. Siku hizi sichimbi tena. Nina karasha Nyarugusu, mashine ya kusaga mawe, na kazi yangu kubwa ni kusimama karibu nayo, kuinua uso kuangalia mawe yanavyoingia, na kubishana na fundi. Ni kazi ya mtu mzima mwenye kitambi. Ndiyo maana niliona ni dharau kabisa mgongo kuniuma sasa, wakati wa kupumzika, badala ya kuniuma wakati ule wa viroba.

Maumivu yenyewe yalikuwa na tabia zake. Nikiinama mbele, nafuu. Nikikaa na kuegemeza viwiko magotini, nafuu. Lakini nikijinyoosha, nikigeuka kumwangalia aliyeniita, au nikiinua uso kuangalia mdomo wa karasha, yananishika palepale juu ya mkanda. Mguuni hayakushuka hata mara moja. Kwa hiyo nikazoea kutembea nimeinama kidogo, na watu wa Katoro, ambao hawana aibu, wakawa wananiuliza nimeangusha nini.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Dereva wa bodaboda anayepaki mbele ya nyumba yetu aliniambia nivae mkanda mpana wa ngozi kama wa wanyanyua vyuma. Muuza samaki aliniletea mafuta ya kondoo ya kuchua, yakaninukisha wiki nzima. Katekista wa kigango chetu akanishauri nilale sakafuni. Nikalala, na asubuhi mke wangu akalazimika kuniinua kama gunia la mpunga. Vidonge vya duka la dawa vilinisaidia kwa muda, mpaka vikaanza kuniunguza tumbo.

Ni siku ile ya kuniinua sakafuni ndipo mke wangu alipotoa lake la moyoni.

“Wewe na mama mtaniua,” alisema. “Yeye huko anainuka jarubani, kwenye mpunga, kwa kushika magoti, wewe huku unainuka kitini kwa kushika meza. Mmeambizana?”

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa mama mkwe anaumwa kama mimi.

Lazima nieleze hapa jambo hili lilikuwa zito kiasi gani. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo. Mke wangu ni Msukuma wa Shinyanga vijijini, nyumba yao haiko mbali na machimbo ya Mwakitolyo, na huko ndiko tulikokutana. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini kwa mama mkwe wangu heshima hiyo ilikuwa na kanuni za zamani, na alizishika zote. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kula mbele yake. Sikuwahi kukaa naye kivuli kimoja. Nilimsalimia nikiwa mbali, uso nimeuelekeza kwenye zizi la ng'ombe, naye akaniitikia “marahaba, mkwilima” huku akiangalia kuku. Mkwilima ndiye mkwe wa kiume, na sauti yake alipolitamka neno hilo ilikuwa na upole mwingi na umbali mwingi. Tukiwa na la kuambiana, mke wangu alikaa katikati akalipokea huku na kulipeleka kule, hata kama wote tulikuwa tunasikia. “Mama anasema ule ushibe.” “Mwambie mama nimeshiba.” Na mama yuko hatua chache tu, nyuma ya mlango wa jiko.

Sasa fikiria watu wa namna hiyo wanaumwa ugonjwa wa kiuno. Hilo neno lenyewe halitamkiki mbele ya mkwe.

Mke wangu hakujali. Aliposikia redioni kwamba madaktari bingwa wanakuja kufanya kambi ya matibabu kwenye hospitali moja mjini Shinyanga, alipanga safari bila kutuuliza. Yeye alitangulia kijijini kumchukua mama yake. Mimi niliondoka Katoro alfajiri kwenye gari la rafiki yangu anayepeleka vipuri Kahama na Shinyanga, nimeegemea mbele mpaka karibu kugusa kioo. Tulipopita Ushirombo nikaona watu wanatoka misa ya asubuhi wamesimama wima, wananyoosha mikono kusalimiana, nikawaonea wivu kwelikweli.

Hospitalini palikuwa na watu wengi, na benchi lilikuwa moja. Mke wangu alikaa katikati yetu. Tulikaa hivyo vizuri, kila mtu akiangalia mbele, mpaka mke wangu akainuka kwenda kununua maji. Nafasi aliyoiacha kwenye benchi ilikuwa kubwa kama uwanja wa mpira. Mama mkwe akajifunika kitenge mpaka kidevuni. Mimi nikasoma tangazo la chandarua lililokuwa ukutani, nikalisoma tena, nikalisoma tena.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke, bingwa wa mgongo, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha haraka cha Pwani. Aliita jina la mama mkwe, akaita na langu kwa sababu tulikuwa tumefuatana, halafu akauliza tuna uhusiano gani.

“Ni mama yangu na mume wangu,” mke wangu akajibu.

“Na wote mnaumwa mgongo wa chini? Vizuri sana. Ingieni pamoja, niwaeleze mara moja.”

Mama mkwe alimnong'oneza bintiye kitu kwa Kisukuma. Mke wangu akamtafsiria daktari kwamba haiwezekani. Daktari akacheka, akasema foleni ni ndefu, atatupima mmoja mmoja nyuma ya pazia lakini maelezo atayatoa kwa wote. Ndivyo ilivyokuwa. Nilipopimwa mimi, nikaambiwa nijipinde nyuma, nigeuke kushoto, nigeuke kulia, na kila nilipoguna nilikumbuka kwamba mama mkwe yuko upande wa pili anasikia. Alipopimwa yeye, hakuguna kabisa. Niliona hapo kuwa tayari amenishinda.

Daktari alitukalisha, mke wangu katikati, akachukua sanamu ya plastiki ya uti wa mgongo. Kati ya sifa zote za yule daktari, ninayoikumbuka zaidi ni kwamba hakuwa na haraka alipofika kwenye maelezo. Alituonyesha kuwa kila pingili ya uti, kwa upande wa nyuma, imeungana na mwenzake kwa viungo vidogo viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, kama bawaba za mlango.

“Bawaba zikilika, mlango unalia,” alisema. “Ninyi wawili, kwa jinsi mnavyoumia mkijinyoosha na kupata nafuu mkiinama, na kwa picha za eksirei mlizopigwa asubuhi, nafikiri bawaba ndizo zinalia. Sina uhakika kamili. Kujua kwa hakika ni kuchoma sindano.”

“Sindano gani?” nikauliza.

“Ziko namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza inaingia ndani ya kiungo chenyewe. Tunaweka ganzi na dawa ya steroidi, ya kutuliza uvimbe. Ikikubali, mtu anapata nafuu ya wiki kadhaa, pengine miezi. Ya pili haiingii kwenye kiungo. Inakwenda kwenye mshipa mwembamba wa fahamu, ule unaopeleka habari za maumivu kutoka kwenye kiungo kwenda juu. Hapo tunaweka ganzi tupu. Ni jaribio. Maumivu yakikatika kwa saa chache, tunajua tumempata mwenyewe. Tukirudia na yakakatika tena, tunauchoma ule mshipa kwa sindano yenye joto la umeme, na nafuu yake huwa ndefu zaidi. Lakini mshipa huota upya. Si ya milele.”

Mama mkwe akamwambia bintiye kitu. Mke wangu akauliza, “Mama anataka kujua ipi ni nzuri.”

Daktari akaweka sanamu chini. “Mama, nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya. Hata sisi wenyewe bado tunabishana. Wapo wanaofurahia hii, wapo wanaofurahia ile, na wapo ambao hawapati kitu kwa yoyote. Ninachoweza ni kuangalia mtu aliye mbele yangu. Wewe una sukari. Steroidi inaweza kuipandisha, na sukari yako tayari inapanda yenyewe. Kwa hiyo wewe nakupendekezea ile ya mshipa. Huyu baba hana sukari, na amechoka kusubiri, tunaweza kuanza na ile ya kwenye kiungo. Mkikubali.”

Tukakubali. Mke wangu alisema kwa sauti, bila kumwelekea mtu, “Basi tutaona ya nani itashinda.” Alikuwa anatania tu, lakini nakumbuka nilimtazama mama mkwe kwa pembe ya jicho na nikaona naye ananitazama kwa pembe ya jicho. Tulikuwa hatujawahi kutazamana hivyo.

Kesho yake tulilazwa kwenye vitanda viwili vya pembeni, pazia la kijani katikati. Mke wangu alikatazwa kuingia. Mimi nilitangulia. Chumba kilikuwa na baridi, nikalazwa kifudifudi, na mashine ya eksirei ikaletwa juu yangu kama shingo ya korongo ili daktari aone sindano inakokwenda. Ganzi ya ngozi iliniuma kama kuumwa na siafu. Baada ya hapo nilisikia kusukumwa, mgandamizo wa ajabu ndani, kama mtu anakuwekea kidole mahali ambapo hakuna kidole kinaweza kufika. Nilimtaja Bikira Maria. Daktari akaniambia, “Tumemaliza, baba,” nikadhani ananitania.

Nilirudishwa kitandani. Halafu nikasikia sauti ndogo kutoka upande wa pili wa pazia.

“Mkwilima.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Mke wangu hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kupokea neno na kulileta.

“Mkwilima, upo?”

“Nipo, mama.”

“Ni ndefu?”

“Nini, mama?”

“Hiyo sindano.”

Nikafikiri. Sikutaka kumdanganya. “Sikuiona, mama. Nilikuwa nimelala kifudifudi. Lakini kinachouma ni ile ya ganzi peke yake, kama siafu. Baadaye unasukumwa tu.”

“Siafu mmoja au wengi?”

“Wachache.”

Nilisikia anavuta pumzi. Huyu ni mwanamke niliyemwona akivuta ndama kutoka tumboni mwa ng'ombe kwa mikono yake, akilima bega kwa bega na vijana, akizika mume bila kuanguka. Na sasa alikuwa nyuma ya pazia anaogopa kama mtoto wa chanjo, na mtu pekee aliyekuwa karibu ni mimi, ambaye sikupaswa hata kumwona akila.

“Wakati wanachoma,” nikasema, “mimi nilikuwa nasali. Inasaidia.”

“Mimi nitahesabu ng'ombe wa baba yangu,” akasema. “Wabeja, mkwilima.” Yaani asante.

Wakaja kumchukua.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha mpaka leo. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kwa kuwa sindano yake ni ya jaribio, asilale. Aende akafanye yaleyale yanayomuumiza ndani ya saa zile chache, aone kama yanauma. Mama mkwe alilichukua neno hilo kama lilivyo. Alitoka nje, akafunga kitenge vizuri, akasimama kwenye majani ya bustani ya hospitali, akaanza kupanda mpunga. Hakuna mpunga, hakuna maji, hakuna jaruba. Aliinama, akachomeka mche usiokuwepo, akarudi nyuma, akachomeka mwingine, akainuka akajinyoosha, akainama tena. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakasimama kumwangalia. Mlinzi akamfuata mke wangu kumuuliza kama mama yuko sawa kichwani.

“Yuko sawa,” mke wangu akasema. “Anapima mgongo.”

Mama mkwe alipanda mstari mzima mpaka kwenye ukuta. Akajinyoosha, akainua uso mbinguni, akapiga kigelegele. “Yamekwisha!” akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni wakamwitikia kigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kivulini, naumia zaidi kuliko nilivyokuja. Daktari alikuwa ameniambia kuwa steroidi haina haraka, nisubiri siku chache. Nilisubiri nikiwa nimenuna.

Jioni ileile ganzi ya mama mkwe ikaisha na maumivu yakarudi yote, kama alivyoambiwa. Lakini kuambiwa na kupata ni vitu viwili. Alirudi kijijini amekasirika. Alimpigia bintiye simu akasema wamemchezea, wamemwonjesha afya halafu wakamnyang'anya. Mke wangu alimweleza tena habari ya jaribio. Akasema amesikia, lakini mtu haonjeshwi asali mlangoni halafu akafungiwa mlango.

Na mimi je? Siku chache baadaye niliamka, nikaketi kitandani, nikasimama, nikaenda uani, ndipo nikagundua kuwa sijashika kitu chochote. Nilijaribu kujinyoosha. Palikuwa na maumivu ya mbali kidogo, basi. Nilimwita mke wangu nikamwonyesha jinsi ninavyoangalia angani. Wiki ile nilikwenda Nyarugusu, nikainua uso kwenye mdomo wa karasha na kumwona fundi ameweka boliti isiyo yake. Tukagombana nikiwa nimenyooka wima. Fundi akasema bora nilivyokuwa naumwa.

Nikawa mtu wa majivuno. Mke wangu akipiga simu nyumbani kwao, mimi nasema kwa sauti kutoka sebuleni, “Mwambie mama nimecheza harusi ya Ushirombo mpaka mwisho.” Au, “Mwambie mama nimebeba ndoo.” Mke wangu anasikiliza, anatabasamu na kunirudishia jibu. “Mama anasema hongera. Anasema subiri.”

Hilo “subiri” lilinikaa.

Kambi ya madaktari ilirudi Shinyanga baada ya mavuno. Mama mkwe alifanyiwa jaribio la pili, maumivu yakakatika tena, na safari hii hakupiga kigelegele. Alikaa kimya akingoja kama mtu anayejua bei ya sokoni. Kesho yake wakamchoma ile mishipa kwa joto. Nilimsindikiza mke wangu, kwa hiyo nilikuwepo mama mkwe alipotoka. Alikuwa ametulia, amechoka. Siku zilizofuata aliumia sana, mgongo ukawaka kama umepigwa jua, na mke wangu alikaa naye kijijini kumpikia. Mimi niliingiwa na wasiwasi. Nilipiga simu kila jioni. Majivuno yote yaliniisha. Nilijua anavyopenda jaruba lake, na nilijua kuwa kama hii nayo ingeshindikana, asingekubali kwenda tena.

Wiki ya pili, au ya tatu, nilikuwa kwenye karasha simu ikaita. Namba ya mama mkwe. Huwa hanipigii. Nikajua kuna msiba. Nilizima mashine, nikaenda pembeni, nikapokea.

“Shikamoo, mama. Kuna nini?”

“Marahaba. Hakuna kitu.” Nilisikia kuku. “Nimefagia uwanja wote.”

“Wote?”

“Mpaka njia ya kisimani. Na kisimani nimekwenda. Sasa nimekaa, nikafikiri nimwambie nani anayejua.”

Nilicheka mpaka fundi akaja kuniangalia. Nilimuuliza anaamkaje. Akasema anaamka kama zamani. Nikamuuliza akijinyoosha je, akasema akijinyoosha anasikia kitu kama kamba iliyolegea, si maumivu. Akaniuliza yangu inaendeleaje, na hapo ikabidi niseme ukweli, maana yangu ilikuwa imeanza kuisha. Asubuhi ile tu nilikuwa nimeinuka kitini kwa kushika meza.

“Mh,” akasema mama mkwe. Ni “mh” fupi sana, lakini lilikuwa limejaa kila kitu nilichowahi kumtumia kwa mdomo wa mke wangu kutoka sebuleni.

Tangu siku ile tukawa tunapigiana. Mwanzoni mke wangu hakuamini. Tulikuwa hatuzungumzi jambo jingine, ni mgongo tu, lakini mgongo una mengi. Nilijifunza kuwa anasema “pale panapofungwa kitenge” ili asitaje kiuno, na mimi nikawa nasema “pale penye mkanda”. Tulielewana kabisa. Alitaka kujua dawa yangu ilianza lini kupungua, kama ilipungua upande mmoja au yote, kama baridi inaongeza. Nilimweleza kwamba niliisikia kwanza kanisani, Jumapili moja, wakati wa kuinuka kutoka kupiga magoti: kanisa zima limesimama, mimi bado naongea na benchi. Alicheka. Sikuwahi kusikia kicheko cha mama mkwe kabla ya hapo. Ni kicheko cha msichana, chembamba, kinaanza ghafla.

“Kachome ya mshipa,” akaniambia. “Usiogope. Siafu wachache.”

Nilikwenda kambi iliyofuata. Daktari yuleyule alinikumbuka, akamuulizia mama anayepanda mpunga kwenye bustani. Nilimwambia sasa anapanda wa kweli. Alisema ile ya steroidi tungeweza kuirudia, lakini si vizuri kuirudia kila mara, na kwa kuwa iliwahi kunipa nafuu, inafaa tujaribu njia ya pili. Nikapimwa kwa ganzi, nikatembea kwenye bustani nikiinua uso na kugeuka kama mtu anayetafuta ndege, na maumivu yakakatika. Wakarudia, yakakatika tena. Wakanichoma kwa joto.

Ningependa kusema ilikuwa kama ya mama mkwe. Haikuwa. Upande wa kulia ulipona kabisa, nilisahau kuwa niliwahi kuwa nao. Wa kushoto ulipata nusu, labda zaidi ya nusu kidogo. Nilimuuliza daktari kwa nini. Akasema miili haijasoma kitabu kimoja, na kwamba mishipa ya watu haipiti njia moja. Halafu akanishika tumbo, kwa heshima, akasema, “Na hiki nacho kinavuta.”

Alinipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, kijana mmoja mwenye sauti ya upole na moyo wa sajini. Alisema sindano zimetupa nafasi ya kujongea bila kuumia, tusipoitumia tutarudi palepale. Alinifundisha kulala chali na kuinua nyonga, kupiga magoti na kunyoosha mkono na mguu wa upande mwingine, kukaza tumbo huku napumua. Aliniambia mama naye alipewa hayohayo.

Nilimpigia. “Mama, unafanya mazoezi?”

“Unafanya wewe?”

“Naanza leo.”

“Basi na mimi.”

Pasaka ile tulikwenda kijijini, na nikaona jinsi anavyofanya. Au tuseme, sikuona, maana bado ni mama mkwe wangu na mimi ni mkwe wake. Asubuhi alitandika mkeka nyuma ya ghala, mimi nikatandika wangu mbele ya nyumba, na mke wangu akasimama kwenye kona ambapo anatuona wote, mkono kiunoni, akiita kwa sauti. “Inua nyonga! Shikilia! Mama, shikilia! Baba watoto, hiyo siyo nyonga, hilo ni tumbo!” Wajukuu walikuwa wanakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, wanaleta habari nani anatetemeka. Jirani alipita na ng'ombe wake, akasimama, akatuamkia “mwangaluka,” akauliza kama ni dini mpya.

Baada ya mazoezi tulikunywa uji na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mama mkwe akiwa jikoni na mimi nje, mlango ukiwa wazi. Alisema kutoka ndani kwamba kwa maoni yake ya mshipa ni bora. Nikasema kwa maoni yangu ya kwenye kiungo ilinipa raha ya haraka zaidi, harusi ile sitaisahau. Akasema raha ya haraka ni ya vijana. Nikasema ya kwake ilimuumiza wiki mbili kabla ya kumpa kitu. Akasema ndiyo, lakini amevuna. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo, hakuna aliyemwomba atufikishie neno lolote, akawa anatuangalia kwa zamu kama mtu anayetazama mechi.

Hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana. Mgongo wangu upo. Kuna asubuhi unanikumbusha, hasa upande wa kushoto, hasa mvua ikikaribia. Wa kwake daktari alimwambia mishipa itaota tena siku moja na pengine atahitaji kurudia. Amesema akirudia atapanga iwe baada ya mavuno. Nimepungua kitambi kidogo, si sana. Fundi wangu anadai hakuna tofauti.

Juzi amenipigia nikiwa naangalia mawe. Aliniuliza habari za karasha, habari za mvua ya Katoro, habari za watoto, mpaka nikajua kuna jambo.

“Mkwilima,” akasema mwishoni, “goti nalo lina sindano?”

“Nafikiri linazo, mama.”

“Ngapi?”

“Sijui. Nitamuuliza daktari.”

“Muulize zote,” akasema. “Halafu unipigie, tuzijadili.”